Kutengeneza kihisi cha polima yenye chapa: anza na glukosi kabla ya sumu ya ziwa

Vijana wanaokuja maabara kwangu hapa Mwanza karibu wote wanataka kupima mikrosistini, sumu ya mwani wa kijani-bluu unaotanda Ghuba ya Mwanza upepo ukitulia. Nawaunga mkono kabisa. Sumu hiyo hushambulia ini, na kuchemsha maji hakuiondoi. Lakini ni ghali, na ni hatari kujifunzia. Anza na glukosi ya duka la dawa.

Unakuza polima, utando wa molekuli ndogo zilizoungana mnyororo, juu ya elektrodi, kipande kinachopitisha umeme, huku molekuli unayoitafuta, yaani kiolezo, ikiwa imo ndani. Ukiiosha ikatoka, inaacha shimo lenye umbo lake, kama unyayo kwenye tope la mwaloni. Shimo hilo ndilo chapa.

Andaa bafa (mchanganyiko unaotunza pH isibadilike) ya asetati ya pH 5.2, uyeyushe humo ortho-fenilendiamini, malighafi ya polima, milimoli 5 kwa lita na glukosi milimoli 20. Vaa glavu, maana fenilendiamini ni sumu. Tengeneza siku hiyohiyo, kwa sababu hewa huigeuza kahawia. Tumbukiza elektrodi ya kaboni, kisha kwa potenshiostati, kifaa kinachodhibiti volti na kupima mkondo wa umeme, zungusha volti kati ya 0 na 0.8 dhidi ya elektrodi rejea (ya kulinganishia) ya fedha na kloridi ya fedha, milivolti 50 kwa sekunde, mizunguko 20. Mkondo utapungua kila mzunguko. Furahi ukiona hivyo: utando usiopitisha umeme unaifunika kaboni. Usipopungua, kagua usafi wa elektrodi na umri wa mchanganyiko. Mwisho osha kwa maji yaliyotoneshwa, ukikoroga na kuyabadilisha mara kwa mara.

Glukosi yenyewe haitoi mkondo hapa, kwa hiyo tunapima kwa ferisianidi ya potasiamu, chumvi inayotoa mkondo ikifika kwenye kaboni, milimoli 5 kwa lita ndani ya kloridi ya potasiamu. Ioni zake hupenya mashimoni hadi kwenye kaboni. Kabla ya kuosha, mkondo ni mdogo sana. Baada ya kuosha unapanda. Ukiloweka elektrodi kwenye glukosi, unashuka tena. Mshuko huo ndio kipimo chako. Ferisianidi isikutane na asidi kali, itatoa gesi ya sianidi.

Sasa jambo ninalolisimamia kuliko yote: kila elektrodi iwe na pacha, aliyetengenezwa vilevile ila bila glukosi. Grafu isiyo na pacha siisomi. Maji ya ziwa yamejaa mabaki ya majani na viumbe yaliyoyeyuka, nayo hunata kwenye polima yoyote na kushusha mkondo. Gawanya mshuko wa kihisi kwa mshuko wa pacha. Jibu likikaribia 1, hakuna chapa, umepima kunata tu. Jaribu pia fruktosi na sukrosi, uone kama kihisi kinazitofautisha na glukosi.

Ukihamia mikrosistini, jiandae. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ya kila siku ni mikrogramu 1 kwa lita. Kwa molekuli yenye uzito wa takriban gramu 995 kwa moli, hiyo ni kama nanomoli 1 kwa lita, chini ya glukosi ya milimoli 20 uliyoanza nayo kwa takriban mara milioni 20. Sehemu kubwa ya sumu hukaa ndani ya seli za mwani, kwa hiyo gandisha sampuli na kuiyeyusha mara kadhaa ndipo uchuje. Kisha pima, ongeza kiasi cha sumu unachokijua kwenye sampuli ileile, na upime tena, kihisi na pacha wake sambamba.