Mtoko wa marafiki: jinsi ya kuchagua zana za simu za kuamulia bajeti, siku na mahali

Kila kundi la WhatsApp lina mtoko uliofia humo humo. Mtu anauliza "Jamani, lini tunatoka?", wengine wanarusha vikaragosi, mmoja anataja Zanzibar, mwingine anasema yeye yuko popote, na baada ya siku tatu mazungumzo yamehamia kwenye mpira. Mimi ndiye ninayebebeshwa uratibu kwenye kundi letu la Dar es Salaam. Zana ninazichagua kwa kujiuliza swali moja: je, mtu atatoa jibu la kweli hapa huku wenzake wakimtazama? Kama ndiyo, kura ya WhatsApp inatosha. Kama sivyo, natafuta zana inayoficha jina.

Mwongozo huu unafaa kundi la watu wanane hadi ishirini hivi. Mkiwa wanne, pigianeni simu tu.

Hatua ya 1: Jua watu wako wana simu gani na bando gani

Kabla ya kusifia programu yoyote, angalia nani ananunua bando la mitandao ya kijamii pekee. Huyo WhatsApp inafunguka, lakini kiungo cha tovuti ya nje kinaweza kukataa kabisa. Angalia pia nani anatumia kitochi. Zana inayomtaka mtu apakue programu mpya au afungue akaunti itakupunguzia wapiga kura, hata iwe nzuri kiasi gani. Wenye kitochi wapigie mwenyewe, kisha uandike kundini kwamba fulani amechagua hiki na hiki. Isipokuwa kwenye pesa: hapo jibu lake unalihesabu bila kulitangaza.

Hatua ya 2: Anza na pesa, na iwe siri

Watu wengi huanza na mahali, na hapo ndipo mambo huharibika. Mahali pakishapendwa, mwenye mfuko mdogo hasemi "sina". Anasema "nitawaambia", halafu siku ya safari anaumwa. Kura ya WhatsApp haifai hapa hata kidogo, kwa kuwa kila mwanakundi anaweza kubonyeza na kuona nani amechagua nini.

Zipo njia mbili nzuri. Kama kundi lenu liko Telegram, kura ya kule ina mpangilio wa kuficha majina, na hata aliyeitunga haoni nani kachagua nini. Kama hamko huko, tumia Google Forms. Tengeneza fomu yenye swali moja: "Kiasi cha juu unachoweza kutoa bila kuumia ni kipi?" Weka viwango, kwa mfano chini ya 20,000, 20,000 hadi 40,000, 40,000 hadi 70,000, na zaidi ya hapo. Kisha ingia kwenye mipangilio uhakikishe mambo mawili: fomu haikusanyi barua pepe, na haimlazimishi mtu kuingia kwenye akaunti ya Google. Ile sehemu ya kuruhusu jibu moja tu kwa kila mtu iache imezimwa, maana ukiiwasha fomu itadai akaunti. Ndiyo, mjanja anaweza kujibu mara mbili. Linganisha idadi ya majibu na idadi ya watu. Kumi na wawili wakitoa majibu kumi na manne, futa yote muanze upya.

Matokeo yakija, usitafute wastani. Chukua watu 12: kumi wanaweza 30,000 na wawili wanaweza 150,000. Wastani ni 50,000, kiasi ambacho watu kumi kati ya 12 hawakiwezi. Tazama kiwango ambacho karibu wote wanakifikia, utangaze hicho kuwa dari. Wenye zaidi watajiongezea soda huko huko.

Hatua ya 3: Siku

Siku haina aibu, kwa hiyo rudi WhatsApp. Ila geuza swali. Badala ya "siku ipi unaweza?", uliza "siku zipi HUWEZI?", na uruhusu mtu kuchagua zaidi ya jibu moja. Mtu anakumbuka harusi na zamu ya kazini haraka kuliko anavyokumbuka nafasi. Siku yenye alama chache ndiyo yenu. Weka tarehe nne au tano tu, zilizo karibu na mshahara, na kama mnakwenda porini au mlimani epukeni Machi hadi Mei, masika yasije yakawapangia ratiba nyingine.

Doodle na When2meet zina kazi yake pale mnapotafuta saa, siyo siku: kikao cha mtandaoni, kwa mfano, na mmoja wenu yuko Muscat, ambako saa iko moja mbele ya kwetu. Tovuti hizo zinasaidia kuoanisha saa za maeneo tofauti. Jambo la kuangalia ni kwamba zinaandika saa kwa mtindo wa kimataifa. 14:00 ni saa nane mchana, na ukiandika "saa 2" bila kutaja asubuhi, mchana au usiku, kuna mtu utamkosa.

Hatua ya 4: Mahali, na hapa usiwe na haraka

Andaa machaguo matatu hadi matano yanayoingia ndani ya dari la pesa. Kura ya WhatsApp inapokea hadi 12, lakini watu hawasomi zaidi ya matano. Kila chaguo liandike na gharama yake kamili: nauli, kiingilio, chakula. "Morogoro" peke yake haimwambii mtu kitu. "Morogoro kwa treni ya SGR, kwenda na kurudi, pamoja na chakula cha mchana" inamwambia. Bei ihakiki siku hiyo hiyo unayotuma.

Sasa kuna mtego wa hesabu. Tuseme mko 13 na machaguo ni Bongoyo, Mbudya na Morogoro. Mkipiga kura ya jibu moja, Bongoyo inapata 4, Mbudya 4, Morogoro 5. Morogoro imeshinda, ilhali watu wanane walitaka bahari. Visiwa viwili vimegawana watu wale wale. Dawa ni kuiacha imewashwa ile swichi ya kuruhusu majibu zaidi ya moja, kisha uandike juu ya kura: "Weka alama kila mahali ambapo ungeenda kwa furaha." Wapenda bahari wataweka alama visiwa vyote viwili na hesabu itasema kweli. Akitokea wa kuweka alama kila mahali, mwache, kura yake haimwongezei yeyote ushindi.

Kama machaguo yanafanana mno na kura zimelingana, tovuti za gurudumu la bahati zinamaliza ubishi kwa sekunde chache. Nazitumia kwa mambo madogo, kama mgahawa. Kwa safari ya pesa nyingi napendelea duru ya pili ya kura kati ya mawili yaliyoongoza.

Kila kura iwe na mwisho: "Inafungwa Ijumaa saa tatu usiku. Asiyepiga atafuata waliopiga." Na ukishatuma, usiongeze chaguo katikati, hata aliyechelewa alalamike vipi.

Hatua ya 5: Bandika uamuzi, kusanya michango

Andika ujumbe mmoja wenye siku, saa, mahali pa kukutania, kiasi, na mwisho wa kutuma pesa, kisha uubandike juu ya kundi. WhatsApp pia ina sehemu ya kuunda tukio ndani ya kundi, ambamo watu wanathibitisha kama wanakuja. Mimi ninayehesabu kuwa anakuja ni aliyetuma mchango.

Kwa mtoko mmoja, mweka hazina mmoja na jedwali la Google Sheets ambalo wote wanaweza kulisoma bila kulihariri vinatosha. Kundi linalochanga kila mwezi ndilo la kufikiria huduma ya kikundi kama M-Koba ya Vodacom. Kuisajili kwa ajili ya pilau ya siku moja ni kujipa kazi. Baada ya tarehe ya mwisho, kata tiketi za waliolipa. Atakayekuja kuuliza "kwani tulikubaliana wapi?", mwelekeze kwenye ujumbe uliobandikwa.