Dazeni Moja Inatosha: Kuchagua Bata Bandia kwa Anayeanza Kuwinda Ufukweni mwa Ziwa Victoria

Ukitafuta mtandaoni bata bandia, yaani sanamu za kuwavuta bata halisi, wa kwanza kuletewa ni dume mwenye kichwa cha kijani kinachometa na mkufu mweupe shingoni. Ni ndege mzuri, lakini kwao ni Ulaya, Asia na Marekani Kaskazini. Kwenye ghuba za Mwanza si mwenyeji. Mwongozo huu ni wa mtu anayeanza, mwenye leseni mkononi na hela ya kubana, anayetaka kujua anunue wa aina gani, wangapi, na awaweke wapi. Msimamo wangu ni huu: chukua wachache, wa kahawia, na uujue upepo kabla hujahangaika na rangi.

Kabla hujatoa hela

Kibali cha kumiliki bunduki ya marisau hakikupi ruhusa ya kuwinda. Anzia ofisi ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), uulize leseni, msimu, eneo na aina za ndege unazoruhusiwa. Visiwa vya Saanane na Rubondo ni hifadhi za taifa. Huko beba darubini tu.

Halafu nenda mwaloni siku moja kabla. Wasalimie viongozi wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa uvuvi mwaloni, na wazee wenye mitumbwi, uwaambie utakaa wapi. "Shikamoo mzee. Kesho alfajiri nitakuwa pale kwenye matete. Kuna nyavu mmetega?" Kamba za bata bandia zikijisokota kwenye nyavu za mtu, asubuhi yako imekwisha na ugomvi umeanza. Tena wavuvi wa dagaa, wanaorudi nchi kavu kabla hakujapambazuka, ndio wanaojua bata wamelala wapi. Waulize pia habari za viboko na mamba, na jibu lao usilifanyie mzaha.

Hatua ya 1: Jua unamwita nani

Bata bandia huwavuta wenzao wa sura moja, kwenye maji ya aina ileile. Kwa anayeanza huku kwetu, wa kuwafikiria ni wawili.

Wa kwanza ni bata mwenye mdomo wa njano uliopakwa weusi katikati ya juu. Mwili wake ni kijivu cha kuelekea kahawia, na kila unyoya una ukingo mweupe hafifu, hivyo kwa mbali anaonekana ana magamba. Huelea kwenye maji ya kina kifupi na kuzamisha kichwa huku mkia ukibaki juu.

Wa pili ni yule mwenye uso mweupe, kisogo cheusi na shingo ndefu, anayepita juu ya nyumba usiku akipiga mluzi wa sauti tatu. Wakulima wa mpunga wa Magu na Kwimba wanamfahamu vizuri, maana usiku hula kwenye majaruba. Kukicha hurudi kwenye maji kupumzika, na mara nyingi hasimami majini bali kwenye tope la ukingoni, kundi likiwa limebanana, shingo zote juu.

Hapo kuna nafuu ambayo miongozo ya Marekani haiwezi kukupa: kwa ndege hawa wote wawili, dume na jike wanafanana. Huna haja ya kununua madume mengi na majike machache kama wafanyavyo wenzetu. Hata bata wahamiaji wanaofika kutoka kaskazini kuanzia mwezi wa kumi, wengi wao hufika wakiwa bado na manyoya ya kahawia. Kundi la kahawia halitakuaibisha mwezi wowote.

Mabata bukini makubwa waache kwa sasa. Sanamu zao zinajaza mtumbwi.

Hatua ya 2: Idadi

Dazeni moja: saba wa kuelea wa mdomo wa njano, wanne wa kusimama wa uso mweupe, na yangeyange mmoja. Wawindaji wa mabwawa makubwa ya ng'ambo hutandaza mamia, lakini wao wana boti, trela na wasaidizi. Wewe una bodaboda hadi mwaloni na mtumbwi wa kuazima. Dazeni inaingia kwenye salfeti mbili, na unaweza kuipanga gizani peke yako.

Yangeyange ni wa nini? Wa kutuliza. Ndege mweupe mwenye macho makali akiwa amesimama bila wasiwasi, bata wanaona mahali ni salama. Umkate kutoka kwenye plaiwudi, umpake rangi nyeupe isiyong'aa, mweke pembeni mita tano kutoka kwa wengine.

Ukubwa uwe wa kawaida. Wale waliokuzwa kupita kiasi wana faida kwenye maji mapana yanayoonekana kutoka mbali. Ndani ya vichochoro vya matete ni uzito wa bure.

Hatua ya 3: Kununua, kupaka, kutengeneza

Ukinunua wa plastiki, chagua majike ya yule bata wa kichwa cha kijani. Jike lake ni la kahawia, na umbo linakaribiana sana na bata wetu. Piga msasa mdomo, upake njano, kisha weka baka jeusi juu katikati. Mwili ufanye uwe mweusi kidogo, halafu chovya kipande cha sponji ya godoro kwenye rangi ya maziwa, kikamue, uguseguse mgongoni na ubavuni. Hayo ndiyo magamba.

Adui ni mng'aro. Rangi ya mafuta ya kawaida humeta jua likichomoza, na bata halisi hametimeti hivyo. Kwa sehemu nyeusi mimi natumia rangi ya ubao wa shule, ambayo haing'ai na haioshwi na maji haraka. Ukimaliza, mweke kwenye maji saa mbili asubuhi, rudi nyuma hatua thelathini, umtazame. Ukiona anarudisha mwanga, msasa tena.

Angalia na mkuku, ule ubapa wa chini. Kuna mkuku ulio wazi unaojaa maji, na kuna uliojazwa mchanga kiwandani. Wa wazi ni mwepesi kubeba, lakini ukimrusha bata akaangukia mgongo, anaweza kubaki hivyo miguu juu. Wa mchanga hujigeuza mwenyewe. Kwa bata saba tu, beba huo uzito.

Mikao nayo ichanganywe. Wengi wawe wa kupumzika, shingo imerudi mwilini, wawili wawe wanakula. Bata wa mdomo wa njano akinyoosha shingo wima ameshashtuka, kwa hiyo ukiwa na saba wote wa shingo ndefu umewatangazia wanaopita kwamba kuna hatari. Wale wa uso mweupe ni tofauti. Wao shingo wima ndiyo kawaida yao.

Hao wanne wa kusimama usiwanunue. Kata plaiwudi nyembamba, urefu wa sentimita 45 hivi, upande wa mbele wa kichwa uwe mweupe, kisogo cheusi, kifua chekundu cha kutu. Pigilia chini ufito wa kuchomeka kwenye tope. Ubao bapa ukitazamwa kwa ubavu hupotea, hivyo kila mmoja mwelekeze upande wake ili bata anayezunguka angani asikose kuwaona wawili au watatu.

Asiye na hela ya plastiki asikate tamaa. Vichwa vinachongeka vizuri kwenye ndala kuukuu, na mwili unaweza kuwa fungu la mafunjo makavu lililofungwa imara. Mwaka 1924, ndani ya pango la Lovelock huko Nevada, wachimbuaji walipata bata bandia wa mabua waliotengenezwa na wenyeji wa Marekani miaka 2,000 hivi iliyopita. Matete na mafunjo yamejaa ufukweni kwetu, bure.

Hatua ya 4: Kamba na nanga

Tumia uzi wa nyavu wa rangi ya giza, usiwe mweupe wala wa bluu. Urefu uwe mara moja na nusu ya kina cha maji. Ukiwa sawasawa na kina, wimbi dogo litanyanyua nanga. Funga kwenye tundu la mbele la mkuku, kamwe si mkiani, ili bata ageuke mwenyewe kufuata upepo.

Kwa nanga, chubwi za risasi (ile metali nzito, si ya bunduki) ziache. Bata humeza changarawe za kusagia chakula tumboni, na vipande vya risasi akivimeza kwa kudhani ni changarawe humuua kwa sumu. Ndiyo sababu Marekani ilipiga marufuku marisau ya risasi kwa ndege wa majini mwaka 1991. Jiji la mawe haliwezi kukosa jiwe la robo kilo.

Hatua ya 5: Upepo, ndipo mpango

Hapa ndipo wengi wenye bata wa bei mbaya wanashindwa na mwenye mafunjo.

Bata hutua akiukabili upepo. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko ziwa, kwa hiyo alfajiri upepo wa kawaida hutoka nchi kavu kwenda majini. Jua likipanda, nchi inapata joto, upepo unalegea, kisha unageuka na kuvuma kutoka ziwani. Kwa mwindaji maana yake ni hii: alfajiri ukikaa mgongo nchi kavu, bata wanaotua watatoka ziwani wakija usoni kwako. Upepo ukigeuka, watataka kutua wakitokea nyuma yako, na mpango wako wote umekuwa kinyume. Hapo ama uupange upya, ama uende kunywa chai.

Rusha vumbi au unyoya uone. Usikisie.

Chagua kighuba kilichokingwa na matete, maji ya magotini. Mgongo ukiwa kwenye upepo, weka bata wanne wa kuelea kushoto, watatu kulia, na katikati acha uwazi wa mita kumi. Uwazi huo ndio uwanja wao wa kutua. Usiujaze hata ukitamani. Kati ya bata na bata pawe na mita moja na nusu hadi mbili, bila mistari iliyonyooka. Wale wa plaiwudi wachomeke kwenye tope upande wa kushoto, hao wabanane.

Wewe jifiche upande wa kulia, nyuma ya wale watatu, usikae katikati. Bata anayekuja macho yake yako kwenye uwazi, na ukiwa nyuma ya uwazi huo sawia atakuona. Bata bandia wa mbali kabisa awe mita 30 kutoka ulipo. Huyo ndiye mpaka wako: aliye nyuma yake hapigwi, na usiyemtambua ni ndege gani hapigwi hata akiwa karibu.

Kwenye ufuko wa Mwanza mjini kuelekea Igombe, jua linachomoza mgongoni kwako. Ukivuka daraja la Kigongo–Busisi ukakaa upande wa Sengerema, litakupiga machoni. Sogeza maficho uwe ubavu.

Hatua ya 6: Mtikisiko

Maji yakiwa shwari, bata bandia wasiotikisika hawamdanganyi mtu. Mashine za mabawa yanayozunguka zipo, zina betri na bei yake. Achana nazo mwanzoni. Chomeka mti ndani ya maji ng'ambo ya kundi, funga mpira wa manati, kisha kamba inayopita kwa bata wawili hadi mkononi mwako. Vuta, achia. Viwimbi vinavyosambaa vinatikisa kundi zima. Bata wakiwa juu yako, tulia. Vuta wakiwa wanageuka kukupa mkia.

Hatua ya 7: Kurekebisha na kukusanya

Wakizunguka mara mbili na kuondoka, tazama kwanza maficho na uso wako, si sanamu. Wakitua pembeni ya kundi, uwazi ni mdogo au upepo umegeuka. Wakishuka kisha wakapaa ghafla karibu na maji, tafuta kinachong'aa: rangi, kamba, saa ya mkononi, maganda ya risasi.

Wakati wa kukusanya, pakua bunduki kwanza, kisha hesabu hadi kumi na mbili. Kamba iliyosahaulika ndani ya matete hunasa ndege na kasia za watu. Vaa gambuti ndefu, jikaushe mara utokapo, maana kichocho kipo kwenye maji ya ukingoni. Bata waanike kivulini kabla ya kuwarudisha kwenye salfeti. Wakifungiwa na unyevu, rangi ya mdomo hubanduka na utaanza tena na msasa.