Tembo na shamba lako: panga mapema, usingoje mahindi yabebe

Mwezi Machi, mahindi yanapobeba huko Tunduru, Namtumbo na Liwale, kusini mwa Tanzania, simu za watendaji wa vijiji huanza kuita usiku wa manane. Tembo wameingia. Asubuhi bwana shamba anaitwa kupima ekari zilizolala chini, na swali analoulizwa ni lile lile kila mwaka: tuweke nini wasirudi? Kwa kweli swali hilo lilipaswa kuulizwa Septemba, wakati wa kusafisha mashamba. Mahindi yakishakaza punje, karibu kila utakachofanya ni kuzima moto.

Tuanze na sababu, maana wengi wanaamini tembo wa siku hizi "wameletwa na magari ya serikali". Hawakuletwa. Mwaka 1976 sensa ya eneo la Selous, pori la akiba la kusini, ilikadiria tembo wapatao 109,000. Kufikia mwaka 2013 ujangili ulikuwa umewapunguza hadi karibu 13,000. Katika miaka hiyo ya ukimya watu walifungua mashamba mapya, mengine katikati ya ushoroba, yaani njia ya asili ya wanyamapori, unaotoka Selous kupitia Namtumbo na Tunduru hadi Niassa, Msumbiji. Hakuna aliyewazuia kwa sababu hakuna tembo aliyeonekana akipita. Ujangili ulipodhibitiwa, tembo walianza kuongezeka, na majike wazee wanaoongoza makundi bado wanazikumbuka njia zao. Mkulima hakudhamiria kumchokoza mnyama, na mnyama naye hakuhama. Wamekutana tu mahali pamoja.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuisoma ardhi kabla ya kununua kamba, mzinga au pilipili. Zunguka shamba lako mchana ukiwa na mzee anayelifahamu pori la upande huo. Tafuta njia iliyokanyagwa ikawa ngumu na pana, vinyesi vya zamani na vipya, na miti yenye tope lililokauka kwenye gome kwa urefu unaopita kichwa cha mtu: hapo ndipo tembo hujisugua wakitoka majini. Dalili hizo zikipita katikati ya shamba, hakuna uzio wa bei yako utakaokusaidia kwa miaka mingi. Acha ukanda huo wazi, usogeze mazao pembeni. Kama kijiji bado hakina mpango wa matumizi bora ya ardhi, lipeleke suala hili kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa sababu mkulima mmoja akiacha njia na jirani akaipanda mihogo, mmefanya kazi bure.

Mashamba yaliyotawanyika porini, ekari mbili huku na tatu kule, kila moja likizungukwa na vichaka, ndiyo yanayoliwa zaidi na ndiyo magumu kulinda. Kila shamba lina pande nne za kuangalia na mlinzi mmoja mwenye usingizi. Mkilima kwa kupakana, kaya kumi au kumi na tano kwenye eneo moja, upande unaotazama pori unakuwa mfupi, gharama za kinga zinagawanyika, na zamu za kulinda kwenye dungu zinawezekana bila mtu kukesha wiki nzima. Mimi nikiambiwa nichague jambo moja tu la kufundisha, nitachagua hili, ingawa ndilo watu wanalolipenda kidogo kuliko yote kwa sababu linahitaji majirani kuelewana.

Panga na mazao yenyewe. Mahindi, mpunga, maboga, matikiti na ndizi vinamvuta tembo kwa harufu. Pilipili na tangawizi haviguswi sana, na ufuta una nafuu kuliko mahindi, ingawa kundi likipita juu yake linaukanyaga. Mikorosho nayo isikupe matumaini makubwa: tembo hula mabibo na kuvunja matawi. Weka ufuta au pilipili upande wa pori, na mahindi yawe karibu na makazi. Chagua mbegu inayokomaa mapema, na acha kabisa ile tabia ya kuyaacha mahindi yakaukie shambani wiki tatu au nne baada ya kukomaa. Vuna, toa maganda, maliza kukausha kwenye kichanja nyumbani. Ila usiyahifadhi chumba unacholala na watoto. Tembo aliyezoea mahindi hubomoa ukuta wa tope kufuata harufu, na hapo si mazao tena yaliyo hatarini.

Pilipili

Pilipili kichaa ndiyo inayofaa, zile nyekundu ndogo. Kausha vizuri, twanga ziwe unga, changanya na oili chafu ya gari hadi iwe uji mzito. Simika nguzo kuzunguka upande wanaopitia, funga kamba mbili za katani, moja juu ya nyingine, kisha ning'iniza vipande vya kitambaa cha pamba kati ya nguzo na nguzo. Kamba na vitambaa vyote vipakwe mchanganyiko huo. Oili haina dawa yoyote ya kumfukuza tembo. Kazi yake ni kuishika pilipili isioshwe na mvua. Hata hivyo mvua kubwa ikinyesha mara mbili tatu, harufu inakwisha. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa: uzio unapakwa vizuri mwanzoni, kisha hakuna anayerudia, na Aprili watu wanasema pilipili haifanyi kazi. Rudia kila baada ya wiki mbili au tatu, na mara moja baada ya mvua kubwa. Vaa glavu na kaa upande upepo unakotoka. Oili isimwagike kwenye kijito wala karibu na kisima.

Matofali ya pilipili ni rahisi zaidi na yanatumia kinyesi cha ng'ombe au cha tembo mwenyewe. Changanya kinyesi kibichi na unga wa pilipili na maji kidogo, finyanga kwenye kibao cha matofali, kausha juani. Usiku unaotarajia tembo, weka kaa la moto juu ya tofali ili lifuke moshi polepole bila kuwaka, na liwe upande upepo unakotoka ili moshi upite juu ya shamba. Usiku usio na upepo halina faida kubwa.

Nyuki

Tembo, pamoja na ukubwa wake, anaogopa nyuki. Ngozi ya mgongo haiumwi, lakini nyuki humwuma kuzunguka macho na ndani ya mkonga. Mtafiti Lucy King aliitumia hofu hiyo kutengeneza uzio wa mizinga, na umefanyiwa kazi kwa miaka mingi Sagalla nchini Kenya, kando ya hifadhi ya Tsavo Mashariki. Katika misimu ya mazao huko, uzio umefikia kuwazuia zaidi ya tembo 8 kati ya kila 10 waliosogelea mashamba.

Mpangilio wake ni huu: mzinga mmoja kila baada ya mita 10, ukining'inia kati ya nguzo mbili kwa waya, na waya mwingine ukiunganisha mzinga na mzinga kuzunguka shamba. Tembo akisukuma waya, mizinga inayumba na nyuki wanatoka. Si lazima yote iwe mizinga halisi. Kwa ekari moja, mizinga 12 halisi ikipokezana na mizinga bandia 12 ya mbao nyembamba inatosha, jambo linalopunguza gharama karibu nusu. Ning'iniza kwa kimo cha kifua ili uvune asali bila kupanda, weka kivuli juu ya kila mzinga, na paka grisi kwenye waya wa kuning'inizia ili sisimizi na siafu wasipite. Nyegere ni adui mwingine. Mzinga unaoning'inia unamsumbua kuliko ulio juu ya tawi.

Lakini usinunue mizinga kwa sababu tu umesikia inafukuza tembo. Mizinga mitupu ni mbao tu, na kiangazi kirefu huwahamisha nyuki. Hakikisha kuna maji karibu na miti inayochanua kwa zamu. Ukipulizia viuatilifu kwenye mazao, fanya jioni nyuki wakisharudi, na uwaambie majirani nao wafanye hivyo. Mahali penye maua na maji, asali inaweza kukulipa hata mwaka ambao tembo hakuja.

Usiku wa zamu

Kinga zote hizi zinahitaji watu macho. Shirika la Honeyguide, kaskazini mwa Tanzania, limewafundisha wanavijiji kwenda kwa ngazi: kwanza tochi yenye mwanga mkali, kisha honi ya upepo, kisha fataki iliyofungwa ndani ya kondomu pamoja na unga wa pilipili na mchanga, ikipasuka hewani inaacha wingu linalowasha. Ndiyo, kondomu, wahudumu wa afya wameshazoea kuombwa na wakulima. Nendeni wanne au zaidi, hakuna aliyekunywa pombe, na acheni upande mmoja wazi wa kutokea. Kundi lenye watoto msilizunguke kamwe. Tembo aliyefungiwa njia anageuka, na mtu hamshindi mbio.

Mikuki, mitego ya nyaya na misumari njiani vinaacha tembo mwenye kidonda, naye ndiye huua watu. Sumu ni mbaya zaidi. Wapo waliotia viuatilifu kwenye maboga na matikiti. Mzoga wa tembo huyo huliwa na fisi, mbwa wa kijijini na tumbusi, na wakati mwingine nyama hufika kwenye sufuria ya mtu. Mwaka 2019 nchini Botswana, tumbusi 537 walikufa kwa mizoga mitatu tu ya tembo iliyotiwa sumu na majangili. Tumbusi wakitoweka, mizoga ya ng'ombe wako inaoza pale pale na mbwa koko wanaongezeka.

Mazao yakishaliwa

Kanuni za mwaka 2011 zinatoa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa kifo au majeraha. Si fidia ya hasara yote. Zilipotoka, malipo ya mazao yalikadiriwa kwa ekari, mwisho ekari 5, kulingana na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka halikulipwa. Viwango na masharti hubadilika, kwa hiyo mwulize ofisa wanyamapori wa wilaya yaliyopo sasa kabla ya msimu. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji siku ile ile, usilime upya wala kung'oa mabua hadi tathmini ifanyike, piga picha zinazoonyesha nyayo na mipaka ya shamba, na omba nakala ya fomu ikiwa imesainiwa. Madai mengi hukwama kwa sababu mkulima hajui ukubwa wa shamba lake, basi lipime kwa kamba sasa hivi, kabla ya kupanda, na uandike vipimo hivyo kwenye daftari unalohifadhia risiti za pembejeo.