Jinsi ya kuisoma Enuma Elish bila kumpoteza Marduk

Ukitaka kuielewa hii hadithi ya uumbaji ya Babiloni jua kwanza ina vibao 7 vya udongo, na Marduk, mungu mkuu wa Babiloni, anazaliwa kibao cha 1 halafu anakaa pembeni kidogo, kwa hiyo vumilia tu majina mengi ya miungu hapo mwanzo.

Kaa sana kibao cha 4. Tiamat, yule mama bahari, ameshaandaa majoka na viumbe vya kutisha 11, miungu wakubwa wote wameogopa, Marduk anakubali kupigana ila lazima awe mfalme wao. Wanampima, aangamize kundi la nyota kwa neno tu alafu alirudishe, na anaweza! Kisha wavu, pepo kali, mshale tumboni, anampasua Tiamat vipande 2 kama samaki wa kukausha, nusu moja inakuwa mbingu. Hapa ndo utamu wote ulipo aisee, rudia hata mara 3.

Kibao cha 5 angalia mito Tigris na Euphrates ikitoka machoni mwa Tiamat. Cha 6 wazo la kumuumba binadamu ni la Marduk lakini anayemuumba ni baba yake Ea, kwa damu ya Kingu, mungu aliyeongoza jeshi la Tiamat. Yale majina 50 ya Marduk yasome kwa sauti, maana Babiloni walikuwa wanaighani hadithi hii siku ya 4 ya Akitu, sikukuu yao ya mwaka mpya.