Somo: Jinsi gesi ya matanuri ya koki inavyopozwa na kusafishwa, hatua kwa hatua

Makaa ya mawe yakifungiwa ndani ya tanuri bila hewa na kupashwa joto hadi nyuzi 1,000 hivi, hayaungui. Yanabaki koki, yaani mabonge magumu ya kaboni, na kila kinachoweza kugeuka mvuke kinapanda juu: lami, amonia, benzeni, naftalini, gesi za salfa, maji, pamoja na gesi yenyewe tunayoitaka. Tani moja ya makaa hutoa takribani mita za ujazo 300 za gesi, ambayo zaidi ya nusu ni haidrojeni na robo hivi ni metheni. Ni mali hiyo. Ila ikitoka tanurini ni chafu kiasi kwamba haifai kupita kwenye bomba lolote refu.

Shikeni jambo moja kabla hatujaanza: katika kazi hii, kupoza ndiko kusafisha. Wageni hukodolea macho minara ya mwishoni kwa sababu ndiyo mirefu. Mimi huuliza kwanza joto la gesi inapotoka kwenye kipozeo cha kwanza, na jibu hilo hunipa picha ya kiwanda kizima.

Hatua ya 1: Kuinyeshea

Gesi hupanda kwa bomba la wima juu ya tanuri ikiwa na nyuzi 650 hadi 800, kisha hukata kona kwenye kiwiko na kuingia bomba kuu linalopita juu ya safu nzima ya matanuri. Hapo kwenye kiwiko hunyunyiziwa maji ya amonia, yaani maji yaliyobeba amonia ya gesi yenyewe. Maji hayo ni ya moto, nyuzi 70 hadi 80, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayedhani nimekosea kuandika. Sijakosea. Jasho halimpozi mtu kwa kuwa la baridi, humpoza kwa kukauka. Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke huondoka na kilojuli 2,260 hivi za joto, na maji ambayo tayari ni ya moto huwahi kugeuka. Kufumba na kufumbua, gesi imeshuka hadi nyuzi 80 na kidogo.

Ni sehemu ndogo tu ya maji inayogeuka mvuke. Yanayobaki, ambayo ni mengi mno, kazi yake ni kubeba lami iliyoanza kudondoka. Ukitumia maji baridi, lami inakuwa nzito na kushika bombani, na hapo mtajikuta mnaikwangua kwa vyuma virefu juu ya matanuri yanayowaka.

Hatua ya 2: Kutenganisha lami na maji

Mchanganyiko unaotiririka huenda kwenye matangi ya kutuama. Lami ni nzito kuliko maji, inakaa chini. Maji yanarudi kunyunyiziwa tena, na yanayozidi hutolewa amonia kwa mvuke kabla ya kutibiwa.

Hatua ya 3: Kipozeo cha kwanza

Hapa ndipo kwenye roho ya mtambo. Gesi yenye nyuzi 80 iliyoshiba mvuke ni karibu nusu nzima mvuke wa maji. Ishushe hadi nyuzi 25 na mvuke unabaki sehemu 3 hivi kwa mia. Maana yake gesi inasinyaa hadi chini ya nusu ya ujazo wake, na feni inayofuata inapumua.

Vipozeo vingi ni minara yenye mabomba ya maji ya kupozea ndani, gesi ikipita nje ya mabomba hayo. Adui ni naftalini, kitu kile kile cha kufukuzia nondo kabatini. Ina tabia mbaya: hutoka kwenye hali ya mvuke na kuwa chenga ngumu bila kupitia umajimaji, na chenga hizo hushika kwenye mabomba. Dawa yake ni kuyanyunyizia mabomba mchanganyiko wa lami na maji ya amonia, kwa kuwa lami huyeyusha naftalini. Tazameni tofauti ya shinikizo kati ya mlango wa kuingilia na wa kutokea. Ikianza kupanda siku hadi siku, naftalini imeshaanza kujenga. Msingoje ifike mwisho wa kipimo.

Hatua ya 4: Feni ya kufyonza

Feni hii huvuta gesi kutoka matanurini na kuisukuma mbele. Kwenye bomba kuu la juu ya matanuri shinikizo lisizidi sana lile la hewa. Kulizidi kwa milimita 10 hivi za maji, kwa kipimo cha shinikizo, kunatosha. Likizidi, milango ya matanuri inafuka moshi. Likishuka chini ya la hewa, hewa inaingia tanurini.

Hatua ya 5: Kunasa ukungu wa lami

Matone madogo yanayobaki hunaswa kwa umeme wa makumi elfu ya volti: yanapewa chaji, yanavutwa kwenye ukuta, yanachuruzika chini.

Hatua ya 6: Amonia, salfa na benzeni

Amonia huoshwa kwa maji, au hupitishwa kwenye asidi ya salfuriki na kuwa mbolea ya salfeti. Haidrojeni salfaidi, ile gesi ya salfa, huoshwa kwa myeyusho wa alkali. Benzeni hufyonzwa na mafuta ya kuoshea, ambayo lazima yawe na joto la nyuzi chache juu ya gesi, la sivyo maji yatajikusanya ndani ya mafuta.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, shukrani kwa somo. Kwetu mtambo wa umeme wa kunasa lami uko kabla ya feni. Tumekosea?*

Hamjakosea, na feni yenu inabaki safi. Ila upande ule gesi inavutwa, kwa hiyo tundu lolote linaingiza hewa, na ndani mna cheche. Kipima oksijeni kiwe kinakata umeme chenyewe, kisisubiri mtu.

*Kwa nini tusipoze hadi nyuzi 5 tumalize kazi mapema?*

Maji ya kawaida ya kupozea hayafiki huko. Utahitaji mtambo wa barafu. Na naftalini yote itakudondokea mahali pamoja.

*Umeme ukikatika?*

Feni inasimama, matanuri hayasimami. Vali ya dharura ya bomba kuu hufunguka na gesi inachomwa juu ya mnara wa moto. Wengi hukimbilia feni, kumbe cha kuwahi ni pampu za maji ya amonia: bomba kuu likikosa maji linapata moto, linapinda, na lami inakaukia humo. Ndiyo sababu pampu ya akiba huendeshwa kwa mvuke au dizeli.

*Gesi ikishasafishwa si haina madhara tena?*

Hapo mnajidanganya. Bado ina kaboni monoksidi, sehemu 6 hivi kwa mia, na hiyo haina harufu. Gesi ghafi hunuka mayai yaliyooza na lami, mtu anakimbia mwenyewe. Kadiri mnavyoisafisha ndivyo mnavyoiondolea harufu hiyo. Baada ya feni gesi inasukumwa, kwa hiyo inavuja kuja nje. Anayefungua flanji, yaani kiungo cha bomba kinachokazwa kwa boliti, avae kifaa cha kupumulia, na kipima gesi kikae kifuani, kisiwe mfukoni.