Somo: Kumtambua sisimizi mkazi wa mgunga wenye miiba ya uvimbe

Katika mbuga za udongo mweusi za Kenya na Tanzania humea mgunga mfupi uitwao Vachellia drepanolobium, ambao baadhi ya miiba yake huvimba kwenye shina la mwiba na kuacha uwazi ndani. Uwazi huo ni nyumba ya sisimizi, na tezi za majani huwapa nekta. Huko Laikipia spishi nne hugombania miti hii, ingawa kwa kawaida mti mmoja hukaliwa na kundi moja tu kwa wakati mmoja. Tunataka kumjua mkazi na kumpima, kwa kuwa si kila mkazi ni mlinzi.

Hatua ya 1. Tazama rangi kabla ya kugusa mti. Mwenye kichwa na kifua chekundu lakini tumbo jeusi ni Crematogaster mimosae. Mwenye kifua chekundu na kichwa cheusi ni C. nigriceps. Weusi kabisa ni C. sjostedti na Tetraponera penzigi, ambaye ni mwembamba zaidi.

Hatua ya 2. Chunguza miiba kwa lenzi ya mkono. T. penzigi huacha matundu madogo sana, ambayo Crematogaster hawezi kupenya, na huzitafuna tezi za nekta hadi ziharibike. C. sjostedti hupendelea mashimo yaliyochimbwa shinani na mabuu ya mbawakawa.

Hatua ya 3. Tikisa tawi taratibu, kisha hesabu wanaotoka kwa sekunde 30. C. mimosae na C. nigriceps humiminika wakiwa wameinua matumbo juu ya vichwa, tayari kuuma. Wale wengine wawili ni wapole zaidi.

Hatua ya 4. Tazama vichipukizi. C. nigriceps huvikata, na hivyo mti haugusani na jirani ambako maadui wake wangepitia, lakini pia hauchanui maua. Hatua hii isirukwe, kwani inaonyesha gharama ambayo ukali wa mlinzi huificha.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, tukiizungushia miti uzio ili tembo na twiga wasiifikie, si itanawiri?

La. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, baada ya wanyama hao kuzuiwa kwa miaka 10, ulionyesha kwamba miti ilipunguza nekta na miiba ya kuishi, C. mimosae akadhoofika, C. sjostedti akatwaa nafasi yake, na miti ikakua polepole na kufa zaidi, kwa sababu mkazi huyo mpya huwaachia mbawakawa watoboe shina.

Je, mti uliokaliwa na C. nigriceps umepata hasara tu?

Kwa msimu mmoja, ndiyo. Hata hivyo mgunga huishi miaka mingi na hubadilisha wakazi, hivyo kipindi cha kulindwa vikali bila kuzaa kinaweza kuufikisha kwenye kipindi cha kuzaa.

Nimekuta sisimizi wadogo wa kahawia, baadhi yao wana vichwa vikubwa mno. Nao ni walinzi?

Yaelekea ni Pheidole megacephala, mvamizi anayewaangamiza Crematogaster bila kuulinda mti, na tembo huivunja miti hiyo kwa urahisi. Mwaka 2024 watafiti walieleza kuwa, kwa miti kupungua, simba wa Laikipia walikosa maficho ya kuwinda pundamilia wakageukia nyati. Usihamishe udongo wala miche kutoka mahali ulipomwona.