Kabla ya kutia bakteria rafiki kwenye tangi la vifaranga wa samaki wa bahari

Anayekimbilia bakteria rafiki wakati vifaranga wameshaanza kuelea ubavu amechelewa. Bakteria hawa husaidia kwa kuwahi nafasi: tumboni, kwenye ngozi, kwenye kuta za tangi. Vibrio, kundi la bakteria wa majini ambao baadhi yao huua vifaranga, akishatangulia kukaa, kumng'oa ni kazi nyingine kabisa.

Kwa hiyo anza na kalenda. Kifaranga aliyeanguliwa jana ana urefu wa milimita chache, mdomo haujakamilika, anaishi kwa kiini cha yai. Hata hivyo, katika spishi kadhaa, anakunywa maji kabla hajaanza kula, maana samaki wa bahari hupoteza maji mwilini kwa sababu ya chumvi ya nje na lazima ayarudishe. Kilichomo tangini kinaingia tumboni. Kumchanja bado ni bure, kwa kuwa kinga yake haijakomaa. Siku hizi chache ndizo za kuandaliwa kuliko zote.

Maji nayo yanadanganya. Tunaua kila kitu kwa klorini, ozoni au mwanga wa urujuanimno, tunaona maji meupe, tunafurahi. Kumbe tumefungua uwanja. Chakula kikiingia, anayezaliana haraka ndiye anayeujaza, na Vibrio ni hodari wa mbio hizo. Ni afadhali maji yapite kwanza kwenye kichujio chenye bakteria waliokomaa, yakae siku kadhaa, ndipo vifaranga waingie. Kama ulitumia klorini, hakikisha imekwisha kabisa. Masalio yake hayachagui rafiki na adui.

Sasa chakula hai. Rotifa na atemia, vijidudu wadogo wa majini wanaolishwa vifaranga, hukuzwa kwenye maji ya vuguvugu yaliyojaa lishe, mazingira anayoyapenda Vibrio, na mara nyingi ndio wanaompeleka mdomoni mwa kifaranga. Wasuuze, kisha waloweke kwenye bakteria rafiki kabla ya kuwalisha. Phaeobacter inhibens, bakteria wa baharini, amejaribiwa hapa: hushika kuta, hutoa asidi ya tropodithieti inayozuia bakteria wengine, na humdhibiti Vibrio anguillarum, mmoja wa Vibrio wanaougonjesha samaki.

Ukienda kununua, usiridhike na neno "probayotiki", yaani bakteria rafiki, kwenye pakiti. Tafuta spishi, aina yenyewe ndani ya spishi, idadi ya bakteria hai kwa gramu, na tarehe ya mwisho. Aina ndiyo muhimu: Vibrio alginolyticus amewahi kutumiwa kama rafiki kwa kamba wa kufugwa, na aina nyingine za spishi hiyohiyo huwaugonjesha samaki. Bacillus, bakteria rafiki mwingine, ana spora, yaani umbo gumu la kujihifadhi, huvumilia kukaushwa na joto la mashine ya chakula; bakteria wa asidi ya laktiki wengi hawavumilii, hivyo hupakwa kwa mafuta juu ya chakula kilichokwisha kupoa. Dawa ya kuua bakteria usiichanganye nao siku moja.

Andaa pia hewa ya kutosha, kwani bakteria wengi kwa ghafla hula oksijeni. Na tenga matangi yasiyotiwa kitu, angalau matatu, yaliyochanganywa na yale ya majaribio, yasipangwe yote upande mmoja wa chumba. Pasipo hayo, kila ahueni utaipa bakteria sifa ya bure. Kwenye ageri ya TCBS, utando wa maabara wa kuoteshea Vibrio, bakteria hao huota madoa ya njano na ya kijani. Hesabu kabla hujaanza, maana rangi peke yake haisemi nani muuaji. Vifaranga waliokufa wahesabiwe asubuhi na mtu yuleyule, kabla ya kufyonza uchafu wa chini.